Bwana Afya Aliyesema Hajui

Kuna mama mmoja kijijini kwetu, upande wa Ruponda, aliyeamini kwa miaka kwamba alimuua mwanawe kwa ndoo moja ya maji. Anaitwa Somoe. Aliamini hivyo kwa sababu mimi niliona afadhali aamini hivyo kuliko watu wajue nilichofanya. Nalisema hili mapema, maana ninayetaka kumweleza hapa ni mzee wetu Bwana Afya, na nikianza na sifa zake kabla ya kusema haya nitaonekana nampamba ili nijifiche nyuma yake.

Jina alikuwa nalo, na mimi nalijua, ila sikumbuki mtu aliyemwita kwa hilo. Tangu alipokuwa kazini, akipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na vichanja vya vyombo, alikuwa Bwana Afya. Alipostaafu akabaki Bwana Afya, na mke wake hadi anafariki alimwita hivyo hivyo, hata akimtuma chumvi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi ya hapo kijijini. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa mabua. Tulikaa hivyo miaka kumi na moja, tukisikiana kukohoa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati la kaki lenye kalamu mfukoni hata siku ya kwenda shambani. Ukimwambia habari yoyote, iwe ya ugonjwa, iwe ya mvua, alikuwa na maswali matatu, na hakuyabadilisha. Nani kaona? Kaona mara ngapi? Na zile mara ambazo halikutokea, nani kazihesabu? Hilo la tatu ndilo lililowaudhi watu. Mtu anakuja na habari yake moto moto, kwamba jirani alikunywa majani fulani akapona vidonda vya tumbo, naye anaulizwa habari za waliokunywa wasipone. Atawajulia wapi? Hao hawatembei wakitangaza.

Watu wa kwetu wengi waliamini, na wako wanaoamini mpaka leo, kwamba salfa tunayopuliza kwenye mikorosho inafukuza mvua. Ushahidi wao ni huu: tunapuliza, unga unapanda juu wa njano kama vumbi la barabarani, na mawingu hayaji. Bwana Afya alikuwa na daftari la kuandikia mvua, alilianza akiwa bado kazini. Siku moja kwenye kibanda cha kahawa alilitoa akamwuliza mzee mmoja aliyekuwa anashikilia sana jambo hilo:

"Salfa mnapuliza mwezi gani?"

"Wa sita. Wa saba, wa nane."

"Na kabla ya salfa kuletwa huku, wewe ukiwa kijana, mvua ya mwezi wa saba uliwahi kunyeshewa?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, akasema hakumbuki. Wenzake wakacheka, naye akakasirika, akasema Bwana Afya ametumwa na wauza salfa. Neno lile lilipita kama mzaha, lakini halikupotea.

Na wala hakuwa mpenzi wa salfa. Hapa ndipo watu walipochanganyikiwa naye, kwa sababu mtu anayekataa uongo juu ya kitu wanadhani anakitetea kitu chenyewe. Msimu wa kupuliza ukifika alikuwa anasimama njiani akiwakemea vijana wenye mashine mgongoni, kifua wazi, hawakujifunga hata kitambaa puani. Mume wangu naye alikemewa. "Salfa inaunguza macho na inaziba kifua," alimwambia. "Hiyo nimeona mwenyewe, tena mara nyingi, wala huhitaji kuniongezea kwamba inafukuza mawingu." Na aliyemkuta anauza mafuta ya kula kwenye chupa zilizokuwa na dawa ya wadudu, alimvunjia zote mbele ya wateja. Alilipishwa, akalipa, na wiki iliyofuata akapita tena kukagua.

Simu yake ilikuwa ile ya batani. Mambo ya kwenye magrupu alikuwa anayafuata kwangu jioni, anakaa barazani, anasema, "Mwalimu, hebu nisomee, leo tunakufa kwa nini?" Namsomea: sahani za plastiki zinaleta saratani, maji ya moto na ndimu yanayeyusha kitambi, kitunguu ukikiweka kwenye soksi kinavuta homa, tuma kwa watu kumi unaowapenda. Alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini alikuwa hatupi kila kitu kapuni. La plastiki alisema lichunguzwe, hasa wanaomimina uji wa moto humo. La kitunguu alisema kipikwe.

Mlonge nilikuwa nao mimi uani, na niliutangaza sana, nikisema unatibu sukari, presha, na mengine sitayataja. Yeye alikuwa anavuna majani yake kwangu kila wiki. Nikamwambia, "Unaona sasa, hata wewe unatumia dawa yangu." Akasema, "Ninakula mboga yako. Ni mboga nzuri sana, Mwalimu. Usiipe kazi isiyoiweza." Na aliposikia kwamba bibi mmoja ameacha vidonge vyake vya presha kwa sababu yangu, alikuja asubuhi kabla sijanawa uso, na hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwa yule bibi, akasimama mlangoni, akanisikiliza nikimwambia aendelee na vidonge. Niliona haya siku ile, lakini ilikuwa haya ndogo, ya nusu siku.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na maudhi yake. Msibani alikuwa hajui kukaa. Watu wanalia, yeye anauliza marehemu alianza kuumwa lini, alikula nini, alikunywa maji ya wapi. Mara mbili alitolewa uani na wanawake. Alikuwa pia na hofu yake moja ya kitoto: mwezi wa kumi na moja mabibo yakiwa yametapakaa chini ya mikorosho, alikula mabibo vizuri sana, ila siku hiyo hakugusa maziwa hata ya kwenye chai. Kwetu wanasema ukichanganya unakufa. Nilimbana: nani kaona? Kaona mara ngapi? Alitabasamu akasema, "Hapo sina hoja, Mwalimu. Ninaogopa tu." Akaendelea kunywa chai yake ya mkandaa, kavu bila maziwa.

Jambo lililomtenga kabisa na watu wengine wa serikali niliowajua ni kwamba aliweza kusema "sijui" mbele ya watu, kwa sauti ile ile anayosemea mengine. Niliwahi kumwalika darasa la sita azungumze juu ya usafi. Mtoto akauliza kama korosho nyingi zinaleta vidonda vya tumbo. Akasema, "Sijui. Nikijua nitarudi." Watoto wakanitazama mimi, maana mimi sikuwahi kuwaambia hivyo. Wiki mbili baadaye, tuko katikati ya jaribio, nikasikia baiskeli inaegeshwa. Akabisha hodi, akaingia, akamtafuta yule mtoto kwa macho. "Nimekwenda mpaka Mnero kumwuliza daktari," akasema. "Naye hajui." Akatoka. Darasa lilicheka, na mimi nililituliza kwa kugonga meza, nikimwona mzee wa watu amenipotezea muda.

Sasa nije kwenye bomba.

Bomba letu la kupampu kwa mkono lilikuwa karibu na zahanati, limechimbwa kirefu, na ndilo lililotutoa kwenye kisima cha bondeni, kile cha wazi ambacho ng'ombe nao walikijua. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Vilevile nilikuwa mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, na nilikuwa nimeanza kuitwa Mama Mazingira, na nililipenda jina hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Msimu mmoja wa kupuliza salfa, maji ya bomba yakaanza kunuka yai viza. Siyo sana, lakini ukiinamia ndoo unalipata. Na salfa ya kwetu kila mtu anajua ina harufu yake, na ule mwaka watu walipuliza kweli kweli. Mtu gani asingeunganisha? Mimi niliunganisha kabla ya wote. Nikarekodi sauti kwenye grupu la kijiji, dakika nne, nikasema salfa imezama ardhini, imefika kwenye maji, tunakunywa sumu.

Ile sauti ilikwenda Mtua, ikaenda Ruangwa, na siku chache baadaye ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu aliyeko Dar. Haikuwa sauti yangu tena, ilikuwa imeandikwa, na ndani yake kulikuwa na mbuzi waliokufa na mtaalamu aliyethibitisha. Mwanamke mwenye akili angecheka. Mimi niliiamini zaidi, kwa kuwa sasa imetoka Dar.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa ili bomba lifungwe. Siku moja kabla yake, alasiri, Bwana Afya aliniita kwa juu ya ua. Nikapita. Alikuwa ameweka mabeseni mawili kivulini. La kwanza lilikuwa na maji ya bomba aliyoteka alfajiri akayaacha wazi. "Nusa," akasema. Nikanusa. Hayakunuka kitu. "Asubuhi yalinuka, mke wangu shahidi," akasema. La pili alikuwa ametia maji ya mvua aliyohifadhi, na juu yake amenyunyiza salfa kiganja kizima. Unga ulikuwa unaelea. Akakoroga kwa kijiti, ukazunguka, ukarudi kuelea. "Nusa na hilo." Nikanusa. Lilikuwa na harufu ya salfa, ile kavu ya shambani. Yai viza halikuwemo.

"Ndiyo hiyo iliyomo bombani?" akauliza.

"Siyo," nikasema. Nilisema kwa mdomo wangu.

"Basi salfa haikuingia huko. Ni kitu kingine. Yako maji ya chini sana yananuka hivyo yenyewe, nimeyaona sehemu nyingine zisizo na mkorosho hata mmoja. Kama yana madhara mimi sijui. Kesho tuwaambie watu haya, tuombe wilayani waje wapime, na wakati tunangoja bomba libaki wazi. Watu wakirudi bondeni wataugua, hilo najua."

Nikamwambia nimemwelewa. Nikarudi kwangu. Na kwangu, nikiwa ninaosha vyombo, nikafikiria dakika nne za sauti yangu, na watu wa Ruangwa walionipigia kunipongeza, na nikaona siwezi. Hapakuwa na sababu nyingine, na nimeitafuta miaka yote hii ili nijisaidie. Niliona aibu ya kusema nimekosea, basi.

Mkutanoni nilizungumza kwanza, na mabeseni sikuyataja. Kisha akasimama yeye, akaeleza vizuri, polepole mno, na watu walikuwa wamekwisha kupandwa na moto. Mtu mmoja akamkatiza: "Bwana Afya, kwa kifupi. Unatuhakikishia maji yale ni salama?"

Nilijua atakachosema, na nilijua nitakifanyia nini.

"Sijui," akasema. "Mpaka yapimwe."

Nikasimama hapo hapo. "Mmemsikia wenyewe," nikasema. "Mtaalamu wetu hajui. Sasa sisi wenye watoto tungoje asiyejua ajue?" Wakapiga makofi. Nyuma mtu akasema si anakula na wauza salfa huyu, wengine wakaitikia, na mimi niliyemwona akiwakemea wapulizaji kila msimu sikufungua kinywa. Alinitazama. Nilitegemea hasira, ila macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri, kama aliyedhani nitaendelea kusema na lile la mabeseni. Nikakaa chini. Bomba likafungwa kwa mnyororo, na ufunguo nikapewa mimi.

Watu wakarudi bondeni. Yeye akawa anapita nyumba kwa nyumba tena, na baiskeli yake, kama zamani za kazi, akiwaambia wachemshe maji, akigawa vidonge vya kutibia maji. Walivikataa. Walisema tumekimbia kemikali moja, huyu anatuletea nyingine. Nao walijifunza maneno hayo kwa nani?

Somoe alikuwa mjamzito, na bondeni kwa mwenye mimba kubwa ni mbali. Alikuja kwangu mchana mmoja, na mwanawe Shaibu, wa miaka mitatu, amemshika kanga. Akaniomba ufunguo. Nikamwambia ndoo moja tu, na asimwambie mtu. Nilimpa bila wasiwasi wowote, na hiyo peke yake yatosha kueleza jinsi nilivyoiamini sumu yangu. Tukaenda, akateka, nikafunga.

Siku nne baadaye kuhara kulikuwa kumeshika nyumba nyingi. Shaibu alizidiwa. Aliyemkimbiza hospitali Mnero alikuwa Bwana Afya, amembeba mapajani nyuma ya pikipiki, Somoe hakuweza kupanda kwa hali yake. Mtoto alifia njiani. Alirudi naye.

Msibani akafanya lile lile la siku zote. Akachuchumaa karibu na Somoe akauliza mtoto alikuwa anakunywa maji gani. Wanawake wakaguna, na mimi ndiye niliyemwambia, "Bwana Afya, adabu. Toka." Akatoka. Somoe akaniinamia sikioni. "Mwalimu," akasema, "ni ile ndoo." Kwa wiki nzima mtoto alikuwa amekunywa maji ya bondeni kama watoto wengine wote waliokuwa wanaugua, na ndoo ya bomba ilikuwa moja. Angenisikiliza mimi kuliko mtu yeyote. Nilimwambia, "Mungu ndiye ajuaye." Nikampapasa mgongo.

Wataalamu walikuja baada ya msiba, wakachukua maji ya bomba na ya bondeni. Barua ilikuja kwa jina la katibu. Ilisema maji ya bomba hayana vimelea, harufu ni ya gesi ya huko chini na haina madhara kwa kiwango kile, yafunguliwe. Maji ya bondeni yana kinyesi. Niliisoma na mwenyekiti wa kamati, tumejifungia ofisini. Mwenyekiti akasema watu wakiyajua haya watatutoa roho. Ndipo tukatunga neno letu: tukatangaza kwamba bomba limesafishwa, sasa ni salama. Watu wakashukuru. Mimi nilishukuriwa zaidi.

Bwana Afya alikuja jioni ile barazani. Hakuomba nimsomee chochote. Akasema, "Barua inasemaje?" Nikampa. Aliisoma, akairudia, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile.

"Mmesema limesafishwa," akasema.

"Ndiyo."

"Somoe atajua kwamba lilikuwa chafu alipoteka."

Nikanyoosha mkono nichukue barua yangu.

"Nimekwenda kwake mara mbili, akanieleza habari ya ndoo uliyomfungulia," akasema. "Nimemwambia siyo ile ndoo. Ananiambia, asante baba, unanifariji. Mimi watu wamekwisha kunifuta, Mwalimu. Atakuamini wewe. Mwonyeshe barua."

"Nitamwambia," nikasema.

Mwaka ule ule nikaomba uhamisho, nikapata shule Ruangwa mjini. Nilimuaga kwa haraka, gari likiwa linapakia vitanda. Hakuniuliza. Barua nilikwenda nayo, nikaiweka ndani ya Biblia ya mume wangu, na ninaijua kwa moyo. Huko Ruangwa watu walinikuta ni mwalimu asiyetuma kitu kwenye magrupu, wakadhani nina maringo. Mwanafunzi akiuliza nisilolijua nasema sijui, na kila nikilisema naona vibaya, maana neno hilo si langu, ndilo nililomfukuzia mwenyewe mbele ya watu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nikasikia Bwana Afya hana nguvu. Nilikaa wiki mbili nikijiambia ninatafuta nafasi. Jumamosi moja nikachukua gari la Nachingwea, nikashukia njiani, nikamalizia kwa bodaboda. Nilijiambia nakwenda kumwomba msamaha yeye. Hilo niliona ninaliweza: ni mzee, hana makuu, atanisamehe, nitarudi nikiwa mwepesi.

Alikuwa amekaa kwenye jamvi uani, ameegemea ukuta, shati la kaki limemzidi mwili. Kalamu ilikuwepo. Na upande wa jikoni alikuwepo Somoe, anachekecha unga wa muhogo, na mtoto wa kike wa miaka kama sita anamsaidia kutoa makapi. Nilihesabu haraka nikajua ni ile mimba. Sikuwa nimefikiria nitamkuta. Kumbe tangu mke wa mzee alipofariki Somoe ndiye anayempikia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mzee ndiye aliyembebea Shaibu, akasema baadaye mtu mmoja, ikawa imetosha.

"Mwalimu wetu," Somoe akasema, akafuta mikono, akaja kunipokea begi. Alikuwa na furaha ya kweli. Amekonda. "Karibu dada. Mzee, mgeni wako."

"Shikamoo, Bwana Afya."

Hakuitika. Somoe akaniambia masikio yamekwisha, niseme kwa nguvu. Nikaamkia tena kwa nguvu.

"Marahaba," akasema. "Ruangwa wazima?"

Somoe akarudi kwenye ungo wake. Nikakaa kwenye jamvi, nikamsogelea mzee, nikaanza kwa sauti ya chini. Nikamwambia nimekuja kwa lile jambo la bomba, nimekukosea sana, nisamehe.

"Sikusikii," akasema.

Nikasogea zaidi. Nikarudia hayo hayo sikioni kwake, nimeweka kiganja mdomoni ili yasitoke.

"Sikusikii, Mwalimu. Sema."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mazima, yananiangalia vile vile kama siku ya mkutano. Mpaka leo sijui kama hakusikia kweli. Nilijua tu kwamba msamaha nilioufuata hapo haukuwa wake kuutoa, na kwamba yeye alilijua hilo siku nyingi. Hatua sita kutoka tulipokaa, ungo ulikuwa unakwenda.

Nikasema kwa sauti. Nikasema bomba halikuwahi kuwa na sumu. Nikasema barua ilikuja, ilisema maji ya bomba ni mazima na ya bondeni ndiyo yenye kinyesi, na kwamba halikusafishwa na mtu, tulidanganya. Nikasema ile ndoo moja haikuwa na kosa. Nilisema yote nikimtazama yeye, na nilipomaliza ungo ulikuwa umenyamaza.

Somoe alikuja akasimama mbele yetu. Mikono ilikuwa myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Nikafungua begi, nikatoa barua, nikampa, naye hakuipokea.

"Kuhusu bomba," akasema, taratibu kabisa, "ulijua lini?"

Ningeweza kusema barua ilipokuja. Barua ilikuwa mkononi mwangu, ina tarehe baada ya msiba, na ingenitetea.

"Kabla ya mkutano," nikamwambia. "Siku moja kabla."

Somoe akamgeukia mzee kama anayetaka kuhakikisha. Mzee akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaketi chini palepale alipokuwa amesimama, akamwita binti yake, akamwambia aende akacheze kwa jirani. Mtoto alipotoka, Somoe akanitazama.

"Haya," akasema. "Anza upya. Sema yote, usiruke kitu."